Posa ya Igoma na hesabu ya robo

Mtaani kwetu Igoma, Mwanza, posa imevunjika. Ng'ombe wa mahari walishahesabiwa, mshenga kashakula kuku, ndipo binti akaenda kupima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kurudi na karatasi: AS, yaani amebeba nakala moja tu ya kinasaba chake. Upande wa kijana wakasema hawawezi kuoa mgonjwa.

AS si mgonjwa. Hapo ndipo mjadala wa kupima selimundu kabla ya ndoa unapopotea njia, ingawa wanaoushikilia wana sababu nzito. Aliyewahi kukesha na mtoto anayelia mifupa, vidole vimevimba, macho ya njano, haambiwi kitu. Herufi moja tu ya DNA kwenye kinasaba cha himoglobini imebadilika, A ikawa T, na kutokea hapo chembe nyekundu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, damu inapungua, bandama linakufa taratibu, mwingine anapata kiharusi hata shule hajaanza. Kinasaba kimoja, mwili mzima. Kwa hiyo wanaosema "pimeni" nawaunga mkono.

Shida ni jibu kugeuzwa hukumu. Mwenye AS ana nakala moja iliyobadilika na nyingine nzima. Anavua, anabeba magunia sokoni Mwaloni, anazeeka na wajukuu. Tena nakala hiyo ni mlinzi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye nayo wanahimili malaria kuliko wengine, ndiyo maana imejaa pwani na huku ziwani kwenye mbu, na ni haba kwenye milima yenye baridi. Tunachokiita mkosi wa ukoo ndicho kilichowavusha bibi zetu utotoni.

Sasa ile "robo" inayotishia kila mtu: kwamba wazazi wote wawili wakiwa AS, mtoto ana robo ya kuwa mgonjwa. Uchunguzi wa damu za watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa Kanda ya Ziwa ulikuta AS asilimia 20.3, na wagonjwa wenyewe, SS, wenye nakala zote mbili zilizobadilika, asilimia 1.2. Chukua kalamu. Mmoja kati ya watano ana AS. Ukiokota mume na mke bila kuchagua, wote wawili kuwa AS ni mara moja kwa 25. Kila mimba yao ina robo ya kuwa SS, na robo ya 1 kwa 25 ni 1 kwa 100 kwa watoto wote, jirani kabisa na ile asilimia 1.2. Na robo haikumbuki waliotangulia. Nimewasikia watu wazima wakisema watatu watatoka salama, wa nne ndiye atakayeugua. Hapana. Wenzi wa AS wenye watoto wanne, karibu theluthi yao hawatakuwa na mgonjwa hata mmoja. Wengine watauguza wawili, na hao ndio tunaowaona wodini.

Utaniambia asilimia moja si ndogo. Kweli, kwenye watoto mia ni mama mmoja anayeanza safari ya kliniki isiyokwisha, na wawili wenye AS wakiamua kuachana kwa kulijua hilo, sina la kuwalaumu. Wameamua wao, wakiwa na majibu mawili mkononi.

Igoma jibu lilikuwa moja. Kijana akiwa AA, yaani nakala zake zote mbili nzima, hakuna mtoto wao ambaye angekuwa SS, hata wangezaa kumi. Nimemuuliza mshenga kama kijana naye alipima. Akacheka: "Yeye apime nini, mbona ni mzima?"