Nilifeli, na nikaoneshwa nilipofeli

Jumatano asubuhi nilifungua barua pepe nikiwa ndani ya gari, sijazima hata injini. Nimefeli. Ni ule mtihani wa kwanza wa anayetafuta leseni ya uhandisi hapa Marekani, wanauita FE: maswali 110 mbele ya kompyuta kwa muda wa saa 5 na dakika 20. Niliumia. Ila pamoja na majibu kulikuwa na ripoti, na hiyo ripoti ndiyo imenifanya niandike.

Mada kwa mada, inakuonesha ulipofika wewe na wastani wa waliofaulu. Statiki niliwazidi. Udongo tulikuwa sawa. Kwenye maji nilikuwa chini kabisa. Nikakaa na maswali ya maji peke yake, jioni baada ya jioni, hadi nikalikamata kosa: nishati inayopotea kwa msuguano ndani ya bomba nilikuwa siihesabu. Nikarudia mtihani, nikafaulu.

Kosa lile nilitoka nalo nyumbani, Tanzania. Mwaka wa pili chuoni nilishika sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo hilohilo. Nilikwenda kwa mhadhiri kuuliza nimekosea wapi, akanijibu, "Nenda kasome." Nikasoma daftari zima, maana sikujua nishike wapi. Sapu nikaifaulu, na kosa likabaki vilevile kwa miaka. Karatasi yangu sijaiona mpaka leo. Na wewe unayesoma hapa, yako uliiona?

Najua kuna aliyeshaanza kuandika: "Umepanda ndege juzi, leo unatuona washamba." Hapana, kaka. Kuna jambo ambalo nyumbani tunawazidi, na huku nalisema waziwazi. Tangu 2003 tuna SEAP: mhitimu anakaa miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anashinda saiti. Huku unaweza kufaulu FE ungali chuoni, hujawahi kuona nondo zikifungwa. Uzoefu, kwa kawaida miaka 4, unakuja baadaye. Kijana aliyetoka SEAP nikipewa leo, namkabidhi nguzo bila wasiwasi.

Ndiyo maana inaniuma. Vijana wenye mikono ile tunawanyima kitu kidogo namna hii, kuoneshwa walipokosea!

Mtasema wenzetu wana kompyuta. Kurudisha karatasi iliyosahihishwa kunahitaji kompyuta gani? Mtasema mhadhiri mmoja ana wanafunzi 300. Hilo ni kweli, nimekaa kwenye ngazi za ukumbi kwa kukosa kiti, simlaumu kwa wingi wetu. Basi asirudishe karatasi 300. Aandike nusu ukurasa: swali la 3 wengi mmesahau msuguano, la 5 mmechanganya vipimo. Aubandike mlangoni kwake siku matokeo yanapotoka.

Mwaka ule ningesimama pale mlangoni nikaunakili wote kwa mkono.