Wito uliobandikwa kwenye mlango wa kihamba

Kila Januari, watu waliokuja Krismasi wakisharudi Dar es Salaam, nyumba nyingi za vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya Wachagga, huko Rombo, Marangu na Kibosho mkoani Kilimanjaro hufungwa. Chukua wito wa mahakama uliobandikwa kwenye mlango mmojawapo mwezi Februari. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya V, inaruhusu: mahakama ikiridhika kwamba mdaiwa anakwepa au hapatikani kwa njia ya kawaida, huamuru nakala ibandikwe mahakamani na kwenye nyumba aliyojulikana kuishi mara ya mwisho. Kisheria huyo amepokea, sawa na aliyekabidhiwa mkononi.

Mdai ana hoja nzito. Wapo wanaomwona mpeleka wito getini wakatokea mlango wa nyuma, au wakamtuma mtoto aseme baba kasafiri. Shauri linaahirishwa, nauli ya kushuka Moshi mjini inalipwa tena, na aliyekopesha pesa yake anaonekana ndiye msumbufu. Kesi haiwezi kungoja mpaka mdaiwa apende kushtakiwa.

Hata hivyo, kinachoniuma zaidi ni hukumu ya upande mmoja, inayotolewa mdaiwa asipofika. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Anayerudi Desemba akakuta dalali wa mahakama ameshafika shambani kutekeleza hukumu anaweza kuomba hukumu itenguliwe, ndiyo, lakini ataanza kwa kuomba aongezewe muda, aeleze kwa nini hakufika, amlipe na wakili. Shamba lenyewe ndilo lenye makaburi ya wazee wake.

Kwangu mimi, tatizo si mlango, ni kiapo cha mpeleka wito, anachoeleza mahakamani jinsi alivyomtafuta mdaiwa. Hakimu ana mamlaka ya kumhoji, na ayatumie. "Nilifika, hakuwepo" haitoshi. Alifika siku gani, mara ngapi? Nani alimwonyesha nyumba? Mwenyekiti wa kitongoji alisemaje? Huku mlimani ni nadra jirani asijue mwenye kihamba yuko wapi, na mara nyingi namba yake ya simu anayo. Ujumbe wa simu peke yake nauogopa, maana laini hubadilishwa na nyingine zimesajiliwa kwa jina la ndugu. Ila kabla ya gundi kugusa mlango, hakimu aulize: je, namba hiyo ilipigwa?