Haibridi ya kuchomeka: kwanza niambie gari litalala wapi

Shemeji yangu amenitumia picha ya Mitsubishi Outlander nyeupe ya mwaka 2014, iliyopigwa gari likiwa bado Japani. Chini kaandika: "Hii ya kuchomeka, shem. Vituo vya mafuta tutavisahau." Yeye amepanga chumba Makorora, hapa Tanga, kazi yake iko mjini, na anajenga Pongwe, nje kidogo ya mji. Nilikaa na picha ile siku mbili bila kumjibu.

Tuelewane kwanza kuhusu gari lenyewe. Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Ya kawaida, kama Toyota Aqua, ina betri ndogo inayojazwa na injini pamoja na breki, na dereva hana la kufanya. Ya kuchomeka ina betri kubwa zaidi inayochajiwa nyumbani. Betri ikiwa na moto, gari linakwenda kwa umeme mtupu; ikiisha, petroli inashika usukani. Outlander za toleo la kwanza, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, zina betri ya kilowati-saa 12 na injini ya lita 2. Vipimo vya Kijapani vinasema kilomita 60 za umeme. Barabarani, gari likiwa jipya, hesabu 45 hivi. Likishakula miaka kumi, mimi nisingemwahidi mtu zaidi ya 35.

Kwa Tanga, kilomita 35 si haba. Mji wetu ni mfupi na tambarare, ndiyo maana baiskeli hazijatutoka mpaka leo. Mtu akitoka Chumbageni kwenda kazini, akapitia Ngamiani kununua samaki, jioni akafika Raskazone kupunga upepo, atarudi nyumbani betri ikiwa bado na akiba. Hapo shemeji ana hoja nzito, na wanaosema magari haya ni ya Wazungu hawajakaa na kalamu.

Mimi nilikaa nayo. Nikichukulia petroli ni shilingi 2,900 kwa lita na mtu anatembea kilomita 35 kwa siku, siku 25 za mwezi, hiyo ni kilomita 875. Gari la petroli la ukubwa ule, linalokwenda kilomita 10 kwa lita, litakunywa 253,000 na ushei. Outlander kwa umeme itavuta uniti (yaani kilowati-saa) kama 10 kila usiku, yaani 250 kwa mwezi, na kwa bei ya kawaida ya majumbani, kodi na tozo ndani, uniti moja ni shilingi 356 hivi. Jumla 89,000. Unabakiwa na zaidi ya laki moja na nusu kila mwezi.

Lakini ongeza Aqua kwenye hesabu hiyohiyo, mambo yanageuka. Aqua kwa kilomita 20 kwa lita inatumia kama 127,000. Tofauti na Outlander ni 38,000 tu. Tuseme gari la kuchomeka limekuzidi milioni 6 wakati wa kununua: ukililinganisha na lile la petroli, fedha hiyo inarudi kwa miaka mitatu, ukililinganisha na Aqua, miaka kumi na tatu. Ni kweli Aqua ni kigari kidogo, na mwenye watoto wanne na mama mkwe hawezi kuwapanga humo. Ila wauzaji hupenda kulinganisha na gari linalokunywa sana, na mnunuzi naye huwa ameshalipenda gari kabla hajauliza analinganishiwa na lipi.

Sasa umeme wenyewe. Kuna watu wanaodhani watachaji kwa ile bei ya chini ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ile ni ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Ukivuka, za ziada zinalipiwa 350, na ukizoea kuvuka unahamishiwa bei ya kawaida. Outlander inazimaliza uniti 75 kwa wiki moja na siku. Hata Prius ya kuchomeka ya 2012, yenye betri ya kilowati-saa 4.4, ikivuta uniti 3 tu kila usiku kwa siku 25 imeshakula mgao wote, kabla hujawasha friji wala feni. Kwa hiyo anayetoka kwenye bei ya chini kwa ajili ya gari aongeze gharama hiyo ya nyumba nzima juu ya zile 89,000.

Kukatika kwa umeme ndiko watu wanakokuogopa zaidi, na mimi nadhani wanaogopa pasipo sababu. Usiku umeme ukikatika, asubuhi unatumia petroli, safari haifi. Huo ndio ubora wa haibridi juu ya gari la umeme tupu.

Linalonisumbua mimi ni gari litalala wapi. Makorora shemeji anaishi nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, na kila Jumapili wapangaji wanachanga kwa vyumba. Mwenye pasi ananuniwa, mwenye jiko la umeme anasemwa. Sasa aingize gari linalovuta uniti 10 kwa usiku! Hata akilipa sehemu yake kwa haki, nani atakayeamini hesabu yake? Na gari lenyewe halilali uani. Linalala kwenye uwanja wa jirani, hatua sitini kutoka soketi iliyo karibu.

Hata mwenye nyumba yake asikimbilie kuchomeka. Mfanyakazi mwenzangu alichaji gari la namna hii kwa waya wa kuongezea, kwenye soketi ya kawaida ya 13A. Wiki ya pili soketi ilikuwa na rangi ya chai, na plagi imeshikana nayo. Soketi zetu hazikutengenezwa kubeba mzigo mzito kwa masaa manne au matano mfululizo, kila usiku. Fundi avute waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, aweke swichi yake, na aangalie athi, ule waya unaokwenda ardhini, kama inafanya kazi, kwa sababu nyaya nyingi za kuchajia zinakataa kuwasha pasipo athi. Pia asome maandishi ya waya uliokuja na gari. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu 230. Waya wa volti 100 ukiuchomeka huku unaweza kuuaga siku hiyohiyo. Na ile sifa kwamba gari linawasha vyombo vya nyumbani ina ukweli nusu: tundu la ndani ya gari linatoa volti 100, wati 1,500, na friji yako ya Tanga haiijui volti 100.

Betri ndiyo roho ya gari hili. Kilomita kwenye dashibodi hazikuambii hali yake, hata kama hazijarudishwa. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, kikasomwa kwa programu ya simu. Kwa Outlander ya toleo lile kipimo cha uwezo wa betri huanza kwenye ampea-saa 40 hivi ikiwa mpya, na hushuka inavyochoka. Muuzaji akikataa kupiga picha kipimo hicho, achana naye. Joto nalo huichosha betri ya lithiamu, na joto la Tanga mwezi wa pili tunalijua. Mwenye kivuli cha mwembe ana faida asiyoiandika popote.

Kodi ya kuliingiza gari nchini haina mjadala mrefu: gari likivuka miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu, likivuka 10 unapanda tena, na la 2014 limeshavuka. Injini ya lita 2 angalau inalibakiza chini ya daraja la juu la ushuru wa injini.

Safari ndefu nazo zisidanganye mtu. Kwenda Dar umeme unakwisha Muheza, na kilomita mia tatu zilizobaki unabeba betri nzito kama abiria asiyelipa nauli. Raha yake ni kushuka Lushoto: kona za Soni mpaka Mombo breki zinarudisha moto kwenye betri, na mshale unapanda badala ya kushuka.

Nilimjibu shemeji kwamba akiwa Pongwe kwenye nyumba yake, gari linamfaa. Akiwa Makorora, anunue Aqua. Akaniambia atahamia kabla ya Ramadhani. Juzi akaniletea picha ya kipimo cha betri: ampea-saa 27. Hiyo ni theluthi mbili ya betri, kilomita 30 kama hakuna kiyoyozi, na kutoka Pongwe kwenda mjini na kurudi ni karibu hizohizo 30. Amemwandikia muuzaji apunguze bei, anasubiri jibu. Nguzo ya umeme Pongwe nayo bado anaisubiri.