Mbwa mwenye nguvu na kichwa ngumu kwa anaeanza kufuga: inafaa au tunajidanganya?

Ukitaka watu wagombane siku nzima taja Rottweiler, pitbull, Boerboel au Cane Corso alafu uliza kama mtu ambae hajawahi kufuga mbwa anaweza kuanza na mmoja wao. Wa upande mmoja watakwambia hakuna mbwa mbaya kuna mwenye mbwa mbaya, we mlee vizuri tu, wa upande wa pili watakwambia damu haiongopi na huyo siku moja atamla mtu. Mi naona wote wana ukweli wao ila wanaruka swali ambalo kwangu ndo lenyewe, kwamba mfugaji mpya lazima atakosea, sasa akikosea nani anaumia?

Nianze na wanaosema inawezekana, maana hoja zao huwa zinadharauliwa haraka. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa, wakachukua majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na DNA za mbwa kama 2,000 hivi, wakakuta bridi, yaani mbegu ya mbwa, inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kwa hiyo anaesema Rottweiler wote wakali au Labrador wote wapole anaongea tu, ndani ya bridi moja utapata anaelala sebuleni huku watoto wanamkalia mgongoni (jambo ambalo binafsi silipendi hata mbwa awe mpole vipi, ila tuliache) na utapata ndugu yake wa tumbo moja ambae hataki hata kuguswa.

Alafu wengi wao walitengenezwa kufanya kazi na binadamu bega kwa bega. Rottweiler jina lake limetoka mji wa Rottweil Ujerumani, walikuwa wanaswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji, Dobermann alianzia Apolda kwa Louis Dobermann ambae karne ya 19 alikuwa anakusanya kodi, na German Shepherd wa kwanza aliandikishwa 1899 na Max von Stephanitz, jamaa aliyekuwa anataka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili na anaesikia. Mbwa wa namna hii anakuangalia usoni anasubiri umwambie kitu, ukimfundisha leo kesho anakumbuka, na kuna vijibwa vya kuwindia panya ambavyo kuvifundisha kuja ukiita ni mateso kuliko Rottweiler.

Hoja yao nyingine ambayo naikubali kabisa ni kwamba huyo tunaemuita mzoefu mara nyingi uzoefu wake ni wa kufunga mnyororo. Amefuga miaka ishirini, mbwa mchana yuko bandani usiku anafunguliwa, hajawahi kumfundisha chochote, hajawahi kutembea nae kwa kamba barabarani, ila ukimuuliza atakwambia lazima umuoneshe mbwa nani bosi, umlaze chini umbane shingo mpaka akubali. Hiyo imani ya bosi ilitokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, wakawa wanapigania nafasi, na mtaalamu David Mech ambae mwenyewe zamani alisaidia kuisambaza alikuja kuandika 1999 kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni familia tu, baba mama na watoto wao. Sasa mtu anaeanza leo, mnyenyekevu, anaeuliza, anaelipia mafunzo, nampa Dobermann kabla sijampa huyo mzee wa kubana shingo.

Mpaka hapo unaweza kudhani nimeshachagua upande. Bado.

Ule utafiti wa Science watu wanaunukuu kwa ile asilimia 9 alafu wanaishia hapo, wakati humohumo ndani kuna kitu kinachogusa mada yetu zaidi. Tabia zote hazikuwa sawa. Ile ya mbwa kuchokozeka haraka au kuchelewa kukasirika ilikuwa haina uhusiano wa maana na bridi, lakini ile ya kusikiliza na kufuata maelekezo ya binadamu ilionekana kufuata bridi kuliko nyingine. Yaani tunaogopa ukali ambao huwezi kuusoma kwenye jina la bridi, na tunapuuza kichwa ngumu ambacho jina la bridi linakupa angalau fununu yake. Na kwa mtu mpya kichwa ngumu ndo kinachomvunja moyo, ameita mara tatu mbwa kamuangalia tu, ya nne anapaza sauti, wiki ya pili ameshika fimbo, mwezi wa tatu mbwa amefungwa na hafunguliwi tena, na mbwa anaeishi hivyo hafundishiki wala hazoei watu.

Ukija kwenye kilo ndo hamna mjadala. Rottweiler dume anafika kilo 50, anaemshika kamba ana 60 na kitu. Kijibwa cha kilo tatu kikimrukia mgeni kikamng'ata kiatu watu wanacheka na mwenyewe anapata nafasi ya kujirekebisha, lile kosa lilelile kwenye kilo 50 linaishia hospitali. Uwezekano wa kung'ata unaweza kuwa sawasawa kabisa, hata huyo mdogo akawa ndo anang'ata zaidi, ila madhara hayafanani, na hapa ndo ile "mlee vizuri" inaponishinda kidogo, maana inachukulia kwamba mtu atakuwa ameshajua kulea vizuri kabla hajalea.

Na muda wenyewe hauko upande wake. Kitoto cha mbwa kinazoea dunia, yaani watu tofauti, watoto, kelele, magari, mbwa wengine, zaidi kati ya wiki ya 3 na kama ya 12 hadi 14. Wengi wanakabidhiwa wakiwa na wiki 8 na kuendelea, kwa hiyo sehemu kubwa ya hicho kipindi imeshapita mikononi mwa muuzaji, na kama alikuwa anawaweka chumba cha giza nyuma ya nyumba we mpya utajuaje? Unaona kitu kinene kizuri kinatingisha mkia unabeba. Miezi mitano ya kwanza raha tupu. Kuanzia karibu mwaka mmoja kwenda wa pili, na kwa mbegu kubwa mpaka wa tatu, ndo mbwa anakomaa akili, aliyekuwa anashobokea kila mgeni sasa anasimama mlangoni hasogei, na mwenyewe anafurahi kabisa, anasema ameanza kulinda, wakati pengine mbwa anaogopa.

Kinachofuata ndo kinanifanya niwe mgumu kwenye hii mada. Mbwa anaunguruma, mwenye mbwa anamchapa kwa kuunguruma. Kesho haungurumi tena. Basi watu wanaona amefundishika, kumbe kilichoondoka ni onyo tu, ile hofu au hasira iko palepale. Anaejua kumsoma mbwa anaona mambo mapema, mwili unaganda ghafla, analamba midomo wakati hamna chakula, anapiga miayo asiyo na usingizi, weupe wa jicho unatokeza pembeni, na hapo anamtoa mtoto au anamtoa mbwa. Mpya haoni hata kimoja, na mara nyingi ndo huyo atakaesema "aling'ata ghafla bila sababu". Watoto ndo wanaoumia sana, na mara nyingi mbwa anaewang'ata ni wanaemfahamu, wa nyumbani au wa jirani, kwa hiyo ile ya kusema mbwa wangu anawajua watoto wangu haitoshi kuwa kinga.

Ila pia tusiwaweke mbwa wote wenye nguvu kapu moja, kuna nguvu na kuna uhuru wa maamuzi. Kangal na Caucasian Shepherd ni mbwa wa kulinda mifugo, walichaguliwa vizazi na vizazi wakae na kondoo mlimani bila mtu na waamue wenyewe nani adui. Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund tangu 1994 linawapa wafugaji mbwa wa jamii ya Kangal, wenye asili ya Uturuki, walinde mbuzi dhidi ya duma, na hiyo imesaidia hata duma wenyewe wasiuawe ovyo, mbwa anafanya kazi bila kumsubiri mwenye mbuzi. Sasa mchukue huyo muweke kwenye uwanja mdogo, wageni wanaingia, fundi anaingia, rafiki wa mtoto anakuja kucheza, na yeye bado anaamua mwenyewe nani adui. Kwa anaeanza hapana, na sioni cha kujadili. Malinois, yule mbwa wa kuchunga wa Ubelgiji, nae hapana ingawa kwa kilo 25 hadi 30 hata sio mkubwa, yule shida yake ni injini haizimiki, polisi na majeshi wanampenda kwa sababu hiyohiyo, na asipopewa kazi atajitafutia, ataanza na mlango wako.

Serikali nazo zimejaribu kulijibu hili swali kila moja kivyake. Uingereza ilipiga marufuku kwa jina la mbegu, sheria ya 1991 ikataja pitbull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, baadae England na Wales wakaongeza XL Bully, kuuza ni kosa tangu 31 Desemba 2023 na kumiliki bila cheti cha msamaha tangu 1 Februari 2024. Uholanzi nao walikuwa na marufuku ya pitbull wakaifuta 2008 baada ya kuona kung'atwa hakujapungua. Ufaransa wanamuangalia zaidi mwenye mbwa, ukitaka kukaa na Rottweiler unahitaji kibali, unapitia mafunzo ya saa 7 na mbwa wako anapimwa tabia na daktari wa mifugo. Saa 7 ni kichekesho kwa mnyama utakaeishi nae miaka tisa kumi, ila hao angalau wameuliza swali linalohusu mtu.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa. Rottweiler, Dobermann, German Shepherd wa damu iliyotulia, mtu mpya anaweza, kwa sharti kwamba mwalimu ameshapatikana kabla ya mbwa na yupo mpaka mbwa afike miaka miwili, kamba na kifunga mdomo amezoeshwa mapema akiwa mdogo, na nyumba nzima inafuata utaratibu mmoja, sio baba anakataza mama anaruhusu. Boerboel na Cane Corso nasitasita, labda kama una mtu wa karibu anaewafuga vizuri na unaweza kwenda kushinda kwake kwanza. Na yeyote anaetaka mbwa wa hivi kwa ajili ya kutisha watu asipewe hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Njia ambayo watu hawaizungumzii sana ni kumchukua mbwa mzima, wa miaka mitatu na kuendelea, tabia yake imeshajitokeza, unachokiona ndo unachokipata, mambo ya kubahatisha yanapungua sana. Tabu yake ni kwamba wanaouza wanauza vitoto, na mwenye mbwa mzima aliyetulia huwa hamtoi, wengi unaowakuta wanatafuta nyumba ni wale waliomshinda mtu wa kwanza. Kwa hiyo uliza kwa nini anatolewa, uliza tena kwa mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo, nenda kamuone zaidi ya siku moja, na muone akiwa na wageni sio akiwa na mwenye nae tu.