Chale kwenye reale

Mzee mmoja wa Mkomani, Lamu, alinitolea kwenye kikasha reale ya Sham, ile ya Maria Theresa yenye mwaka 1780. Chini ya kidevu cha malkia, pale palipo wazi, kuna herufi ya Kiarabu, mim, iliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. "Ni alama ya bibi yangu, mwanangu. Alizitia zake zisichanganyike na za mawifi." Mjukuu wake alishaulizia ng'ambo, kwa wapanga daraja, wanaopima hali ya sarafu na kuipa namba, akajibiwa kwamba sarafu hiyo haitapata namba, itaandikiwa grafiti, yaani imechorwa na mkono wa mtu. Nyumba nzima ikanuna: wageni hawathamini mambo yetu.

Uchungu huo naujua, lakini naona wapanga daraja wanaonewa.

Kipimo chao cha 1 hadi 70 hujibu swali dogo tu: tangu fedha hii itoke kwenye muhuri wa kiwandani, imepatwa na nini? Kuchakaa mikononi mwa watu kuna ngazi zake, ndiyo maana namba ni nyingi. Chale haina ngazi. Reale iliyochakaa nusu ina wenzake kwa maelfu, na mnunuzi aliye Muscat anajua anachonunua kabla ya kukiona. Yenye mim ni hiyo moja, na namba tupu ingemdanganya. Kwa hiyo kampuni za upangaji daraja za Marekani kama PCGS na NGC huthibitisha kuwa sarafu ni halali, hutaja kwa maneno imechakaa kiasi gani, huandika kasoro, basi. Sioni tusi hapo.

Kazi iko kwenye kuitambua. Zima taa, bakisha moja, hata tochi ya simu. Shika sarafu kwa ukingo, ilaze, uizungushe polepole chini ya mwanga. Mikwaruzo ya sarafu kugongana mfukoni ni mifupi, imetapakaa ovyo. Mkono wa mtu huenda ukarudi, hukata kona, hutaka kusema kitu. Kwa kioo cha kukuza mara 10 utaona fedha imesukumwa ikafanya matuta mawili membamba, kama udongo kando ya mtaro. Mstari ulioinuka haukuchorwa na mtu kwenye sarafu. Ni ufa au mkwaruzo wa muhuri wenyewe. Tena kuna alama za tupa: zamani kiwandani walipunguza uzito kabla ya kupiga chapa, ikabaki mistari sambamba ambayo pigo la muhuri halikuifuta yote, hasa palipoinuka. Wenye haraka huiita grafiti. Chale za kweli nazo hupenda kujificha kwenye nywele na mikunjo ya nguo.

Ile mim ya mzee ilikuwa nyeusi ndani ya mfereji sawasawa na uso wa sarafu, dalili kwamba ni ya siku nyingi. Lakini pembeni palikuwa na vistari vitatu vyeupe, vinang'aa. Kijana mmoja mwenye bikari ya shule akaanza kutazama dari.

Hivyo vistari ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Tuseme kesho chale "za historia" zipewe namba na bei. Mwezi haupiti, Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, umejaa mim na alif mbichi zilizotiwa weusi kwa kiini cha yai la kuchemsha. Msumari na yai, mtaji wote ndio huo! Mwaka nao hausaidii, kwa sababu reale hizi ziliendelea kufuliwa Vienna, London, hata Bombay, zote zikiandikwa 1780. Kuchakaa kwa mikono miaka arobaini ni kugumu zaidi kughushi.

Upande wa pili una hoja moja inayouma. Dola za biashara za Marekani, sarafu za fedha za 1873 hadi 1885, zilipigwa mihuri midogo na wafanyabiashara wa China, na PCGS huzipa namba. Mchina anaitwa historia, bibi wa Lamu anaitwa uharibifu? Jibu ni kwamba mihuri ile imekusanywa na kuchunguzwa hadi ikajulikana. Za kwetu nani ameziorodhesha?

Na hasara yenyewe inakuzwa. Reale ina gramu 28 na ushei, fedha 833 kwa 1000, yaani karibu gramu 23 za fedha safi. Ile mim haikuondoa hata moja, na bei ya reale ya kawaida iko humo zaidi kuliko kwenye namba. Ingekuwa rupia ya kampuni ya Waingereza ya Mombasa ya 1888, ambayo bei yake iko kwenye daraja kuliko kwenye fedha, ningelia nao.

Mzee akauliza kama sonara anaweza kuisawazisha, halafu aisugue kwa ndimu na majivu. Nikamwambia namba haitarudi, sarafu iliyosuguliwa nayo huandikiwa kasoro, na mim ya bibi itakuwa imekwenda. Akaifunga kwenye kitambaa. Na ile bikari ya kijana akaitia kwenye kikasha kilekile.