Tuliazima jukwaa, tukaazima na adabu zake

Juzi nilikuwa sebuleni kwa shemeji yangu tukitazama kipindi cha kusaka vipaji. Kijana mmoja, kanzu yake imenyooka kwa pasi, alianza kughani, na kabla hajafika kwenye kituo cha ubeti wa kwanza jaji akainua kiganja: asante, mwingine. Shemeji akacheka. Mimi nikawaza kwamba hata kiganja kile tumekiazima, pamoja na meza, taa na viti vya majaji.

Pop Idol, shindano la televisheni la kusaka waimbaji, ilianza Uingereza mwaka 2001, na haikupita miaka mingi mtindo wake ukawa umeenea duniani, Bongo Star Search ya hapa Tanzania ikiwa miongoni mwa jamaa zake. Sina ugomvi na kuazima. Udi na fidla za taarabu nazo zilikuja kwa jahazi. Ninachokataa ni dhana kwamba kipindi kimekuwa chetu mara tu mtangazaji anapozungumza Kiswahili na ukumbi ukapambwa kwa kanga, ilhali kinachoshindaniwa, na namna ya kushindana, ni vya wenyewe waliokibuni.

Abu Dhabi walikuwa werevu zaidi. Shindano lao la Mshairi wa Milioni, lililoanza mwaka 2006, lilichukua majaji, mchujo na kura za watazamaji, lakini likaweka katikati ushairi wa Kinabati, ambao Mabedui wa Ghuba walishindania kabla televisheni haijazaliwa. Mwaka 2010 Hissa Hilal wa Saudia, uso wake ukiwa ndani ya nikabu, alighani shairi la kuwakosoa watoa fatwa wenye siasa kali, akamaliza wa tatu.

Sisi tuna nini? Tunaye Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyejibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu katika karne ya 19, miji yao ikiwa na uhasama. Tuna Tanga, ambako vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilitupiana mafumbo kwa nyimbo, na mashabiki wakanuniana kwelikweli. Mpe mshindani ubeti wa mwenzake, aujibu papo hapo kwa vina na mizani ileile, na watazamaji wapige kura. Jaji naye amshukie anavyotaka aliyepotea mizani, mradi amngoje afike kwenye kituo.