Sikuwa popobawa, nilikuwa Batman

Jamani, tuyaweke sawa kabla hayajavuka daraja la Nyali. Klipu mliyotumiwa, mnayoambiwa eti ni ya popobawa, yule jini anayesemekana kuvamia watu usiku, ni ya sauti tupu, imekatwa kichwa na mkia, na aliyeisambaza mnamjua: ni yule yule anayekopa viazi karai kila jioni akisema atalipa Ijumaa. Ile sauti nzito inayosema "Usiogope, mzee" ni yangu. Ule ukelele unaofuata pia ni wangu, ingawa yeye anaapa kuwa ni wa babu, jirani yetu wa chini. Babu wa watu hakupiga ukelele. Babu alirusha kiatu.

Haya. Gemu niliyokuwa nikicheza usiku ule ni Batman: Arkham Asylum, ya mwaka 2009. Najua wengine mliimaliza mkiwa bado mnatumwa dukani, nyamazeni, kila mtu na riziki yake. Mimi nimeipata juzi, pamoja na PlayStation 3 ya mtoto wa ami yangu, aliyeniachia akaenda zake Lamu. Akaniambia kwa kinywa chake: hii ikiharibika, tusijuane. Maneno hayo yashikeni.

Sasa mie gemu ya hadithi sichezi hivi hivi. Nikiwa Batman ni Batman. Hadithi yenyewe ni ya usiku mmoja: Batman anampeleka Joker Arkham, kisiwa wanakofungiwa wahalifu wenye wazimu, kumbe Joker alijiachia makusudi akamatwe. Milango inafungwa, wafungwa wanatoka, na mtu mmoja anapambana nao kwa ngumi na kamba. Basi nami nikaweka nadhiri, usiku mmoja, tangu baada ya Isha hadi alfajiri. Siui mtu. Sicheki, hata Joker akichekesha, na yule Joker, kwa sauti ya Mark Hamill, ana maneno huyo, anakusimanga kwenye vipaza sauti kisiwa kizima, nikawa najiuma midomo. Chooni siendi ila kwa dharura. Na sauti iwe ile ya chini, ya marehemu Kevin Conroy, aliyekuwa Batman wa masikio yetu tangu 1992 hadi alipofariki Novemba 2022. Mtu kama huyo humwigi nusu nusu.

Tena Batman ana Oracle, yaani Barbara Gordon, anayemwelekeza kwa redio sikioni. Mimi nikampigia swahiba wangu kwa WhatsApp, nikatia waya sikioni, simu nikaichomeka kiunoni. Oracle wa kwenye gemu harekodi watu. Wa kwangu, kumbe.

Mavazi. Joho lilikuwa buibui la nyanya, lile la kizamani la kitambaa kizima, lililokaa sandukuni na karafuu miaka na miaka. Barakoa ilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia, nimeikata masikio mawili yakasimama wima, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu na kuifunga kisogoni kwa seloteipu. Madirisha nikafunga yote ili majirani wasinisikie nikimwambia Joker siku zake zimekwisha. Joto hili la Mombasa, madirisha yamefungwa, buibui, katoni. Rangi ya viatu ikaanza kuyeyuka, ikateremka mashavuni, ikaingia shingoni. Kioo chumbani sina, kwa hiyo niliendelea kujiona mzuri.

Mamangu akagonga ukuta: "Wasema na nani saa hizi?"

Nikamjibu kwa sauti ya Conroy: "Na mtu, mama."

Akanyamaza. Baadaye kaniambia alidhani nimepata mchumba, akamshukuru Mungu akalala.

Raha kubwa ya gemu hii ni kuchuchumaa. Unarusha kamba, unapanda kwenye sanamu za mawe karibu na dari, unatulia gizani. Majambazi wenye bunduki wanapita chini yako. Unateremka kichwa chini, unamnyaka mmoja, unamwacha ananing'inia. Wenzake wakimwona wanaanza kufyatua ovyo, na gemu inakuonyesha mapigo ya mioyo yao yanavyopanda. Mimi sofa niliiacha. Kila Batman alipochuchumaa nami nilichuchumaa juu ya stuli, joho limeshuka pande zote. Usiku kucha. Magoti yalizoea mpaka yakaona ndio mkao wa kawaida wa binadamu.

Usiku umekwenda, Oracle wangu anapiga miayo, nikafika kwa Scarecrow. Huyu ana gesi ya kutia hofu, ukiivuta unaona mambo. Nilishapita majinamizi yake mawili nikajiona bingwa. Natembea zangu, mara picha ikakwama. Ikatetemeka. Mistari ya rangi ikakatiza kioo, sauti ikawa inajikatakata, kisha kiza.

Moyo wangu ukaenda Lamu ukarudi.

"Oracle," nikasema, bado na sauti nzito, maana nadhiri ni nadhiri, "mashine imekufa."

"Stima zimeruka hizo! Chomoa! Chomoa!"

Mtaa wetu stima zikiruka huondoka na friji ya mtu. Nikachomoa. Kisha nikanusa moshi. (Ilikuwa dawa ya mbu. Naijua leo.) Oracle akapaza sauti sikioni: kazime swichi kubwa kabla nyumba haijashika moto! Nikatoka mbio vile vile nilivyo. Na nyie mnaouliza kwa nini sikuvua barakoa, nawajibu: seloteipu ilishashikana na nywele.

Nyumba yetu ni ya ghorofa, zile za zamani za Kibokoni, ngazi nyembamba, taa ya ngazini ilikufa siku nyingi na kila mpangaji anamngoja mwenzake ainunue. Mita za wote zimepangwa chini, juu ya mlango wa babu. Hazifikiki ila upande juu ya pipa la maji. Nikapanda. Nikachuchumaa juu ya kifuniko, nikapapasa ukutani gizani, nikashika swichi, nikaivuta.

Ilikuwa swichi ya babu.

Babu alikuwa ndani anatawadha. Nikasikia maji yamesita. Nikasikia "La haula." Nikasikia makubadhi yanakokotwa, krr, krr, yaja mlangoni. Hapo ningeweza kuruka nikakimbia. Lakini magoti, ndugu zangu, yale magoti niliyoyasifu, yalikuwa yamekufa ganzi yote mawili.

Mlango ukafunguka taratibu. Tochi ikatoka kwanza. Taa yake ikaanzia chini, kwenye sakafu, ikaliona pipa. Ikapanda pipa polepole. Ikakutana na pindo la buibui linaloning'inia. Ikasita. Ikapanda buibui, ikapanda, ikafika kwenye vidole vyangu vilivyoshika ukingo wa pipa, vyeusi tititi kwa rangi ya viatu. Hapo ikaanza kutetemeka. Ikafika usoni, yaani kwenye ile katoni inayodondoka matone meusi, ikapanda mpaka kwenye sikio moja, ikahamia kwenye sikio la pili, ikarudi la kwanza, kama mtu anayehakikisha hesabu.

Babu yuko na kanzu nyeupe, kofia ya vito, ndevu zinachuruzika maji ya udhu. Namwona anataka kusema neno, midomo inakwenda, sauti haiji.

Sasa lazima mjue jambo moja juu ya babu. Mwaka 1995 alikuwa Pemba kwa biashara zake, mwaka ule ule wa mtafaruku wa popobawa, watu wakalala nje makundi makundi wamewasha mioto, Pemba kisha Unguja. Hadithi zake wenyewe mnazijua, hapa pana watoto. Babu amezisimulia barazani maisha yangu yote, na siku zote vijana tumemcheka. Miaka yote hiyo anangoja ushahidi.

Nikataka kumtuliza. Nikafungua kinywa. Lakini sauti iliyokaa chini tangu Isha haipandi kwa kuitwa, koo lilishakauka huko huko ilikokuwa. Ikatoka ile ile, kutoka tumboni, ndani ya katoni yenye mwangwi:

"Usiogope, mzee."

Babu akaanza Ayatul Kursi.

Nikasema moyoni, njia ya kumthibitishia kuwa mimi si jini ni kuisoma pamoja naye. Nikaanza. Kwa sauti ya Conroy. Babu aliposikia limehifadhi, akasita katikati ya aya, macho yakamtoka. Jini anayekimbia akisomewa ana nafuu, huyu anasahihisha.

Ndipo kikaja kiatu. Kubadhi la ngozi, nyayo ngumu, limenipata sikio la kulia, la katoni na la kwangu kwa pamoja. Nikayumba, kifuniko cha pipa kikapinduka, nikatanua mikono nishike chochote, na joho la nyanya likatanda lote, upana wote, nami naenda hewani juu ya kichwa cha babu wa miaka sabini na kitu. Huo ndio ukelele mnaousikia. Nilipiga mimi, nikiwa angani. Oracle sikioni anauliza kwa utulivu kabisa: "Batman, umeipata swichi?"

Yaliyofuata hayana haja ya urefu. Milango ikafunguka, mtu akasema mwizi, mwengine akasema jini, mamangu akateremka na mwiko akauliza swali moja tu, "Hilo si buibui la mamangu?", kisha ule mwiko ukafanya kazi yake. Babu salama u salimini, nimemshika mkono mwenyewe, nimemuomba radhi, nimempelekea halua na kahawa akala na kunywa.

Ila hakunyamaza. Wasimulizi wa popobawa husema aliyetokewa asipotangaza, hurudiwa. Babu hataki kurudiwa. Alifika msikitini alfajiri ile na kiatu kimoja akawatangazia wote waliohudhuria, na hata baada ya kujua ni mimi, ameendelea kutangaza kwa tahadhari. Nikamwambia, babu, ni mie, mjukuu wako wa juu. Akanitazama sana. "Ndivyo anavyosemaga," akasema.

Na mashine je? Mashine ni nzima. Mtoto wa jirani, yuko darasa la tano, ndiye aliyeniambia: "Kwani hukuiacha iendelee?" Kumbe waliotengeneza gemu wametia makusudi. Ni gesi ya Scarecrow hiyo, safari hii ametiwa hofu mchezaji mwenyewe: picha inajifanya imekufa, kisha hadithi inaanza upya tangu mwanzo, lakini safari hii Joker ndiye anayeendesha gari na Batman ndiye aliyefungwa. Duniani kote watu wamezimika roho kwa hilo, wamegonga mashine zao, wamekagua diski. Waliopanda pipa sijasikia.

Nimeirudia. Joker akanipiga risasi, nikafa, gemu ikaniandikia ushauri: tumia kijiti cha katikati kukwepa risasi zake. Padi, ile ya mkononi ya kuchezea, ina vijiti viwili. Niliigeuza chini juu, nikaitikisa, nikampigia Oracle kumuuliza kama cha katikati kimeangukia kwake. Naye hilo pia kalirekodi.

Joker nilimmaliza jioni nyengine, madirisha wazi, nimevaa kikoi, sauti yangu ya kuzaliwa. Mtoto wa ami amerudi leo kutoka Lamu. Klipu ameisikia tangu yuko njiani, hilo halimshughulishi. Anachotaka kujua ni kwa nini padi yake inanuka rangi ya viatu. Yuko mlangoni hapa, anagonga. Nitawajibu baadaye.